Ukingo Wenye Maandishi

Kule Lubumbashi, fundi akikurudishia nguo ambayo ukingo wake hauna maandishi, una haki ya kumtazama vibaya. Kila mtu anajua kwamba kitenge cha kweli, kile cha nta ambacho wenyeji hukiita kikwembe, kina jina lake pembeni, na kwamba fundi mwenye tamaa anaweza kukificha kabatini mwake akakushonea cha bandia kinachofanana nacho. Kwa hiyo fundi mwenye heshima hayakati maandishi hayo. Huyaacha chini ya nguo, nje kabisa, ili mwenye nguo asome, jirani asome, na wifi mwenye mdomo mrefu asome pia, roho yake itulie. Jacques alizaliwa ndani ya desturi hiyo, akaja nayo mpaka Johannesburg, na ndiyo iliyomponza asubuhi ile pale Newtown.

Mapazia yalikuwa yameshatundikwa katika ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi. Yalikuwa ya hariri nzito, rangi ya zambarau iliyoiva, yenye makomamanga ya dhahabu yaliyopandana kutoka chini hadi juu. Kitambaa hicho kilifumwa kwa mkono na nyumba ya Caldoneri ya Venisi, watu waliovisha madirisha na viti vya matajiri tangu enzi za mababu wa mababu zao. Sasa nyumba hiyo ilikuwa inazungusha maonyesho ya urithi wake nchi baada ya nchi, na zamu ya Johannesburg ilikuwa imefika. Mpambaji wa ukumbi alikuwa Yasmin, mwanamke wa Kizanzibari mwenye jicho kali na moyo laini, na yeye ndiye aliyempa Jacques kazi ya kushona mapazia, baada ya kuona alivyowashonea waumini wenzake wa kanisani.

Yasmin aliingia na kikombe cha kahawa, akatazama, akakisahau kile kikombe mkononi.

"Fundi Jacques," alisema kwa upole wa kutisha. "Hebu nambie. Hiki nini?"

"Ni jina ya kitambaa, dada."

"Naona kuwa ni jina. Linafanya nini huku nje?"

Jacques alitabasamu kwa fahari. "Niliiacha yote, toka juu mpaka chini. Hata herufi moja sikukata. Mwenyewe akikuja kutoka Italia, ataona kama ni kitambaa yake."

"Mwenyewe ndiye aliyekifuma! Atashindwa kukijua?" Yasmin aliweka kikombe chini ili apate mikono miwili ya kulalamikia. "Kizuri chajiuza, kaka yangu. Kibaya ndicho chajitembeza. Umemwandika mgeni jina lake pembeni mwa dirisha kama gunia la mchele!"

"Kwetu ni heshima."

"Najua ni heshima, ndiyo maana sijakupigia kelele." Alikuwa anapiga kelele. Kisha akasogea, akalishika pazia pembeni kwa vidole viwili. "Na tazama hapa. Ukingo umefumwa kwa kukazwa kuliko kitambaa chenyewe, kwa hiyo unakivuta. Pazia limenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Ukate, kaka. Bibi Ornella, mwenye kitambaa, anatua leo."

Jacques alitazama, akaona kwamba ni kweli. Pazia lilijikunja pembeni, na makomamanga ya ukingoni yalikuwa yamepinda shingo. Aibu ilimshika, kwa sababu kosa la mkono wake alikuwa analijua akiliona. Hata hivyo aliyatungua yale mapazia, akayakunja polepole, akayabeba begani, na kabla ya kutoka akasema, "Nitafumua. Lakini kukata, dada, sijui kama nitaweza."

Yasmin aliinama kuchukua kahawa yake, ilikuwa imeshapoa.

Tuseme mapema kwa nini mtu mzima, fundi mwenye duka lake Jules Street, anaogopa kukata ukingo wa kitambaa. Baba yake, Papa André, alikuwa fundi mtaa wa Katuba, Lubumbashi, na cherehani yake haikupoa. Akaja msichana mmoja, Benita, aliyekuwa anaolewa. Upande wa bwana arusi ulikuwa umemletea kitenge cha nta cha hali ya juu, buluu yenye maua meupe, na mtaa mzima ulikiona kikifunguliwa. Benita alikuwa msichana wa kisasa. Alimwambia Papa André akate maandishi ya ukingoni, maana hakutaka kutembea siku ya arusi yake kama tangazo la duka. Mzee alikataa, msichana akasisitiza, mzee akakataa tena, mwishowe akasema nguo ni ya mwenyewe, akakata.

Siku ya arusi, shangazi wa bwana arusi, aliyeitwa Tantine Murielle, aliinama kutazama pindo la sketi. Alipoinuka, alikuwa na habari. Maandishi hayapo, basi kitenge si kile, basi fundi kakibadilisha. Benita alisema waziwazi kwamba yeye ndiye aliyeagiza, lakini nani humsikiliza bibi arusi? Wakasema anamfichia fundi ili arusi isiharibike. Papa André akakimbia nyumbani kuleta utepe alioukata, na hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe. "Mnaona?" alisema Tantine. "Maandishi iko kwake. Basi na kikwembe ya kweli iko kwake!"

Lisemwalo lipo, watu wakasema, na wale waliokuwa wanamletea vitenge wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Papa André hakugombana na mtu. Alifunika cherehani kwa shuka, akaenda sokoni kushona midomo ya magunia ya makaa kwa sindano kubwa, kwa sababu hakuna anayekushuku kumbadilishia makaa. Jacques alijifunza ufundi nyumbani, nyuma ya mlango, kwa baba ambaye hakushona tena nguo ya mtu. Na alipokuwa anaondoka kuja Afrika Kusini, mzee hakumpa usia mrefu. Alimwambia tu: "Usikate maandishi ya mtu."

Mchana ule Jacques alikaa dukani Malvern, mapazia yamemlalia magotini, akifumua kwa wembe. Nje, Jules Street iliendelea na kelele zake za teksi na za muuza mahindi. Alipomaliza kufumua alichukua mkasi, akauweka chini, akauchukua tena. Alikuwa bado ameushika pale gari la Yasmin liliposimama mbele ya mlango, naye akashuka na bibi mfupi mwenye nywele nyeupe, suruali ya kitani na miwani iliyoning'inia shingoni.

"Nimemweleza habari ya maandishi," Yasmin alisema, "na hajataka hata kwenda hotelini. Kasema anataka kumwona fundi kabla hajakata. Samahani, kaka. Sikudhani atakuja mbio hivi."

Bibi huyo ndiye Ornella Caldoneri, mjukuu wa mzee aliyeijenga upya nyumba ile baada ya vita. Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea, lakini alipogundua kwamba Jacques anajua Kifaransa, uso wake ulifunguka, wakaanza kuongea kama waliopotezana. Alichukua ukingo wa pazia, akasoma jina la ukoo wake lililofumwa kwa uzi wa dhahabu, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Babu yangu angekukumbatia," alisema. "Alikuwa na majivuno, angelitia jina hili hata kwenye leso. Lakini rafiki yako amesema kweli. Ukingo unavuta. Ukate."

"Nikiukata, mama, utajuaje kwamba hiki ni kitambaa chako na sikukubadilishia?"

Swali hilo lilimtoka kwa ukali ambao hakuukusudia. Bibi Ornella aliacha kucheka, akavuta kigoda, akaketi. Basi Jacques akamweleza yote, ya arusi, ya utepe, ya magunia ya makaa.

"Mnasema nini?" Yasmin aliuliza. "Msinifanye kiziwi, jamani."

"Namwambia habari ya baba yangu."

Yasmin, aliyekuwa anaijua nusu yake, akaketi juu ya mzigo wa vitambaa asubiri.

Bibi Ornella alifungua mfuko wake akatoa bahasha ya kitambaa. Ndani yake mlikuwa na tepe nyembamba za hariri, nyekundu, kijani, rangi ya asali, nyingine zimechakaa kwa uzee. Kila utepe ulikuwa na jina la nyumba, na kando ya jina palibaki kipande kidogo cha ua: ncha ya jani, robo ya komamanga, mkia wa ndege.

"Kwetu hatuamini maandishi," alisema. "Maandishi yeyote anaweza kuyafuma. Tunaamini mahali palipokatwa."

Akamwonyesha. Nyumbani kwao Venisi yako makabati yaliyojaa tepe kama hizi, tangu zamani za babu. Kitambaa kikikatwa ukingo, mkasi haupiti kwenye mpaka wa maandishi. Unaingia ndani upana wa kidole, ili utepe uondoke na kipande cha ua. Na kwa kuwa mfumaji ni mtu wala si mashine, asubuhi hukaza uzi, jioni amechoka hulegeza, jani la hapa huwa refu na la pale fupi. Kiti kikirudi kutengenezwa baada ya umri mzima wa mtu, kikiwa kimepita katika mikono ya wafanyabiashara wenye maneno matamu, wao hutoa utepe kabatini na kuutembeza kando ya kitambaa mpaka jani lipate ncha yake. Likiipata, mjadala umekwisha. Lisipoipata, kiti kinarudi kilikotoka.

"Kata hivyo," alimwambia, "halafu geuka nyuma."

Jacques alikata. Alipogeuka nyuma, bibi alikata kipande kifupi katika ule utepe, akamwita, akampa. Jacques alikipitisha kile kipande kando ya pazia, jani baada ya jani. Yote yalikuwa yanafanana, na yote yalikataa, hili kwa unywele, lile kwa uzi mmoja. Kisha penye komamanga fulani kipande kikatulia, jani likawa zima, wala hapakuonekana palipopita mkasi.

"Na kitambaa kisichofumwa maua," aliuliza, "kilichopigwa chapa tu? Inawezekana?"

Bibi Ornella alitikisa kichwa kwa huruma. "Chapa ya mashine? Hapana, mwanangu. Kila jani ni pacha wa mwenzake. Utepe utaingia popote, kwa hiyo hausemi kitu."

Jacques aliitikia kwa heshima, akaanza kukunja pazia. Alikuwa amefika nusu ya kukunja aliposimama. Ukutani kilining'inia kitenge cha mteja, cha nta, kinangoja kukatwa. Alikiendea, akaweka uso karibu nacho kama mtu anayenusa. Muuza vitenge yeyote wa Lubumbashi atakwambia namna ya kukijua cha kweli: nta iliyopakwa juu ya kitambaa hupasuka kabla hakijatiwa rangi, na rangi hupenya katika nyufa zile, ikaacha mishipa myembamba inayotambaa juu ya maua. Fundi wa nta haamui mishipa ipite wapi. Jacques alikuwa ameiona maisha yake yote, akaitumia kumjua mwongo na mkweli, na hakuwahi kuiwaza zaidi ya hapo.

"Na hii, mama?"

Bibi Ornella alivaa miwani. Alitazama muda mrefu, akasogeza kitenge mwangani, akatazama tena penye ua lile lile lililojirudia pembeni.

"Hii," alisema taratibu, "hata aliyeitengeneza hawezi kuirudia."

Jacques aliketi. Yasmin alidai kutafsiriwa, akatafsiriwa, akapiga makofi. "Basi si ndiyo hiyo! Huo utepe wa mzee upo?"

Ndipo hofu ikamwingia Jacques, na ilikuwa hofu ya aibu. Kwa miaka yote alimwamini baba yake bila ushahidi, na imani ile haikumgharimu kitu, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuipima. Sasa njia ilikuwepo. Na kama utepe haukuingia? Alijichukia kwa swali hilo, nalo halikuondoka.

Alimpigia baba yake jioni ile ile, baada ya kula.

"Papa, ile utepe ya kikwembe ya Benita ingali iko?"

"Iko," mzee alijibu papo hapo. "Mu kopo, pamoja na vifungo. Unaitaka ya nini?"

Jacques alimweleza. Upande wa pili vifungo vilimwagika mezani. Ilisikika redio ya jirani, na mtoto fulani akiitwa kuoga.

"Nitaituma," alisema mwishowe. "Lakini wewe, Jacques, uko na hofu?"

"Hapana, Papa."

"Eh. Njo vile," mzee alisema, yaani ndiyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyeusikia uongo na kuusamehe.

Benita naye alikuwa amehamia Johannesburg na mumewe, mtaa wa Bertrams, si mbali na uwanja wa Ellis Park, akisuka nywele katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Yeye na Jacques walikuwa wanaonana kanisani, wakisalimiana kwa adabu nyingi mno, kama watu waliobeba yai katikati yao. Jacques alipoingia, Benita alifikiri kuna msiba. Aliposikia neno kikwembe, vidole vyake vilisimama katikati ya msuko, na mteja akalalamika.

"Mie nilisema kweli siku ile," alisema. "Nilisema mbele ya watu wote. Hakuna mwenye alinisikia. Toka siku ile sikuivaa tena, na sikuweza kuitupa."

"Itabidi nifumue pindo, ya ndani, kule Papa alishona."

"Fumua hata yote."

Mume wake, Thierry, mlinzi wa maduka, alikuwa ametoka chumbani kusikiliza. Tantine Murielle alikuwa shangazi yake. Alijikuna shingo. "Tantine angali anapumua," alisema, "na angali anasema. Tutamuweka ku simu, aone kwa macho yake. Kama si vile, kesho atasema tulimdanganya."

Utepe ulifika na mama mmoja mfanyabiashara aliyepanda basi kutoka Lubumbashi, umezungushiwa karatasi na kuwekwa ndani ya mfuko wa sukari. Jacques aliufungua peke yake kwanza. Ulikuwa na urefu wa mkono, buluu yake haijafifia. Kando ya maandishi mkasi wa Papa André ulikuwa umeingia ndani kidogo, kwa bahati au kwa haraka, na ukaondoka na ukingo wa maua. Juu ya maua yale mishipa ilitambaa mpaka penye mkato, ikakoma.

Walikutana nyumbani kwa Benita, Jumapili baada ya ibada. Yasmin naye alikuja, Mwislamu peke yake kati ya Wakristo waliovalia za kanisani, akaleta visheti na kusema hakuja kwa udaku ila kwa kuwa mapazia ndiyo yaliyoanzisha habari hii. Mapazia yenyewe yalikuwa yananing'inia Newtown bila kununa, na utepe wake ulikuwa ndani ya bahasha ya Bibi Ornella, umeandikwa kwa penseli jina la Jacques, maana ni desturi ya nyumba ile kwamba anayekata ndiye anayeweka jina.

Sketi ilitandikwa mezani. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya maji, na ndani yake Tantine Murielle, mzee sasa, kitambaa kichwani, alikunja uso. Jacques alichukua wembe akaanza kulifumua pindo. Alikuwa anaijua mishono ile. Ilikuwa midogo, inafuatana kwa utulivu, na penye kona mzee alikuwa amepitisha uzi mara mbili, kama alivyomfundisha mwanawe nyuma ya mlango. Kila uzi uliokatika ulimuuma. Kisha akapiga pasi kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani, buluu yake mbichi kama siku ya kwanza, akauweka utepe mwanzoni mwa ukingo.

Haukuingia. Maua yalipatana, kwa sababu maua ni pacha, lakini mishipa ilikataa. Akausogeza. Ilikataa. Akausogeza tena, ua kwa ua, na watu wote wakainama pamoja naye. Alifika katikati ya sketi, akapita katikati.

"Ninyi watoto," simu ilisema, "mie niliwaambia toka zamani."

Ukingo uliobaki ulikuwa mfupi sasa, na Jacques akauinua utepe. Aliogopa. Alitaka kusema imetosha, tule visheti, twende nyumbani, na kila mtu abaki na alichokuwa anaamini. Benita aliutoa utepe mkononi mwake bila kumtazama, akaendelea kuusogeza mwenyewe kwa vile vidole vyake vya kusukia, ua moja, ua la pili, mpaka karibu na mshono wa nyuma.

Hapo mshipa mmoja wa buluu ukaingia mdomoni mwa mwenzake. Kisha wa pili, uliojigawa mara tatu, ukakuta njia zake tatu zinaungoja. Kisha yote, kutoka mwanzo wa utepe hadi mwisho wake, na kitenge kikawa kizima, na maandishi yake pembeni.

"Alhamdulillahi," Yasmin alisema, na nyumba nzima ya Wakristo ikaitikia amina.

"Sogeza simu," Tantine alisema. Thierry akasogeza. "Karibu tena." Uso wake ulijaa kioo, jicho moja likitafuta. Alitazama muda mrefu kuliko alivyotazama siku ile ya arusi. Thierry alipotaka kumweleza habari ya nta, alimkatiza. "Usinifundishe nta. Nilikuwa ninauza bikwembe mbele uzaliwe." Kisha akasema, kwa sauti ambayo hawakuwahi kumsikia nayo, "Sasa hivi niko naenda kwa André. Kwa miguu. Wenye watakuwa mu njia, watanisikia."

Jacques hakungoja afike. Alimpigia baba yake.

"Papa, imeingia."

Mzee alikohoa. "Eh."

"Papa, unisamehe. Nilikuwa na hofu."

"Hata mie," alisema Papa André.

Jacques alidhani hakusikia vizuri. Mzee akaendelea, taratibu, kama anayemweleza mwanafunzi jinsi ya kupima bega. "Watu wakikuambia kitu muda mrefu, Jacques, unafika kufungua kabati yako mwenyewe, kutafuta. Mara mingi nilifungua. Mama yako alikuwa ananikuta, hakusema kitu. Nilikuwa ninatafuta kikwembe yenye sikukuwa nayo." Akapumua. "Sasa nitaacha."

Benita aliichukua simu, machozi yanamtiririka wala hayafuti. "Papa André, nimemuambia Jacques arudishe maandishi chini ya sketi. Inje kabisa. Nitaivaa kanisani, kila mtu asome."

"Hapana, mama. Wewe hukutaka maandishi. Nguo ni yako, iache vile ulisema."

"Na huu utepe? Tukutumie?"

"Utepe pia ni yako. Masalio ni ya mwenye kitambaa, mie nilikuwekea tu." Kisha mzee akauliza kwa ukali wa fundi, "Jacques amefumua pindo yangu?"

"Ameifumua."

"Airudishe kwa mkono. Na penye kona, mara mbili."

Benita aliukunja utepe, akauweka ndani ya Biblia yake. Jacques alivuta sketi magotini, akakata uzi wa buluu, akajaribu kuutunga kwenye sindano. Ulimshinda, akajaribu tena, ukamshinda, mpaka Yasmin akamnyang'anya sindano, akamtungia, akamrudishia.